Mimi Si wa Kiti

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mkwe wangu, na huyo mume wangu mpya ambaye hata meno hana lakini tayari nimemkubali. Mimi ni mzima. Mkono uliovunjika nilipoanguka uani umeunga, nainua pasi kama zamani, ila asubuhi za baridi unanikumbusha kwamba upo. Mama Pacha wa nyumba ya pili anakusalimia. Wale pacha wake wameanza shule, na hakuna siku wanayorudi bila kuvaliana viatu. Meza yangu ya kupigia pasi ilikuwa inayumba, seremala ameitia mguu mpya wa mbao nyeupe, mingine mitatu ni myeusi kwa mkaa. Wateja wananicheka, wanasema meza imevaa soksi moja.

Najua utauliza kwa nini mama anaandika barua wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu ukisema "mama subiri kidogo" mimi nasubiri mpaka salio linakwisha, na tukirudi kuongea unakuwa umeshaamua. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Naandika polepole kama walivyonifundisha darasa la watu wazima. Kusoma pia nasoma, ila herufi lazima nizisalimie moja moja kabla hazijanikaribisha.

Tiketi ya ndege imefika salama kwa basi. Nashukuru sana, baba. Mimi ndege nimezoea kuziona zikipita juu ya kamba yangu ya nguo, na tangu tiketi ifike chai hainishuki kwa woga. Lakini nitakuja kumwona mume wangu, hilo usiwe na shaka. Ila nina mambo mawili.

La kwanza, nilimpa binti wa duka la simu anisomee tiketi yote hadi yale maneno madogo ya chini. Alifika mahali akanitazama miguu. Akasema hapa wameandika abiria hawezi kutembea, aandaliwe kiti cha magurudumu. Nikamwambia asome tena, akasoma vilevile. Mwanangu, dukani kwake nilikwenda kwa miguu, na kikapu cha nguo za watu kichwani. Nani amewaambia mimi siwezi kutembea?

La pili, siku ya kwenda nimeiona. Siku ya kurudi sijaiona. Nijibu ni lini, maana nina wateja wangu nataka niwaage vizuri.

Mimi mama yako,
mwenye miguu miwili.


Mjini, 17 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mkweo anakuamkia. Mtoto analala mchana, saa ambazo sisi tuko macho tunamsubiri aamke. Lifti ya jengo letu imeharibika tena, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, kwa hiyo mkweo akishuka kununua mkate anarudi akihema kama amepanda mlima. Kazi huku kwenye bima ni zilezile, mafaili juu ya mafaili.

Mama, kuhusu kiti naomba usikasirike. Hukijui kiwanja cha ndege cha huku. Jengo ni kubwa kuliko soko lote la huko kwetu. Watu wanakimbia na masanduku yao, yanakukanyaga kidole na mwenyewe hageuki. Vibao viko juu na vinabadilika kabla mtu hajamaliza kusoma. Kuna mkanda wa mizigo zaidi ya mmoja, kuna milango ya kutokea zaidi ya mmoja, na ukikosea mlango hawakuruhusu kurudi ndani. Wanatangaza kwenye vipaza sauti ambavyo hata mimi sivielewi. Kiti si aibu, ni huduma, na ni bure. Unakaa tu. Mtu anakusukuma kutoka kwenye ndege mpaka mlango wa pembeni, na mimi nitakuwa nimesimama hapohapo.

Ile pasi yako ya mkaa iache. Hapa tunayo ya umeme, na majirani hawapendi moshi. Ila nguo zako beba zote, na zile picha za ukutani, na vyeti vya marehemu baba. Ufunguo mwachie Mama Pacha pamoja na ule wa akiba alio nao.

Mwanao akupendaye.


Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hapa hatujambo, isipokuwa mvua imekatalia juu ya nguo za watu na chumba chote cha mbele nimetundika mashati, ukiingia unaweza kudhani kuna mkutano. Mwambie mkwe wangu asipande ngazi na mzigo, mkate auagize kwa jirani anayeshuka. Tumbo lililotoka kuzaa halichezewi.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, nikitafuta siku ya kurudi kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Umeniandikia vibao, umeniandikia mikanda na milango. Siku ya kurudi umeiruka. Halafu unaniambia nibebe picha za ukutani. Baba, mtu anayekwenda kumwona mtoto hang'oi picha ukutani. Mimi sijasoma sana, lakini hilo halihitaji darasa.

Picha nimeziacha pale zilipo, baba yako amezoea kuutazama mlango. Vyeti nimeviacha. Pasi yangu nakuja nayo. Na hao watu wa kiti uwape taarifa mapema wasisumbuke.

Nakuuliza mara ya pili, nitarudi lini?

Mimi mama yako.


Mjini, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi, kazi zimenizidi. Kiti hakifutwi, nimeshawaambia wakuangalie. Usisumbuane na mtu uwanjani, kaa utulie tu. Mengine tutazungumza ukishafika.

Mwanao.


Nyumbani, 22 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Nimefika salama. Najua umekasirika, maana simu umepiga na kupiga na mimi sikupokea. Si kiburi. Nimeamua kwamba hili nitalisema lote bila kukatizwa, kwa hiyo kaa, kunywa maji kidogo, usome.

Kwanza mume wangu anaendeleaje na kile kikohozi? Mkifungua dirisha la jikoni mfunikeni kifua. Na wewe ule mchana, usishindie kahawa. Nimeuona mkanda wako wa suruali, umetoboa tundu jipya kwa msumari. Mke wako hasemi, mimi nasema.

Sasa nianze na siku niliyokuja, kwa sababu kuna jambo nililinyamazia muda wote niliokaa kwako.

Kupanda huku kwetu hakukuwa na kazi. Uwanja wetu ni chumba kimoja na mizani. Walikitafuta hicho kiti chako wakakuta hata wenyewe hawana, tukacheka, nikapanda ngazi kwa miguu yangu. Ila askari wa ukaguzi aliiona pasi ya mkaa kwenye mashine yake, akaniita pembeni kwenye sanduku langu, akauliza hiki ni nini. Nikamwambia hiyo ni ofisi. Akaifungua, akapuliza, majivu yakamrukia kwenye sare. Nikamkung'uta mwenyewe, na sare nikamwambia haikunyooshwa vizuri mabegani. Akalipitisha sanduku liende tumboni mwa ndege.

Kazi ilikuwa kushuka huko kwenu. Chini ya ngazi ya ndege alisimama binti wa sare na kiti mbele yake. Akaniuliza, "Mama, wewe ndiye wa kiti?"

Nikamwambia, "Mimi si wa kiti, mimi ni wa miguu."

Akasema yeye ameandikiwa hivyo, na kiti kikirudi kitupu ataulizwa na mkubwa wake. Naye alikuwa na woga wake, nikamhurumia. Nyuma yangu alikuwa anashuka mzee wa koti la kijivu niliyekaa naye ndani ya ndege. Nyonga yake inamsumbua, kila ngazi anauma midomo. Watoto wake walitaka kumwombea kiti akawafokea kwamba yeye ni mzima. Nikamwambia, "Baba, kaa hapa. Kiti hiki mwanangu ameniombea mimi, na mimi nakuazima." Akagoma. Nikamwambia hata mimi ni mbishi, basi tusimame hapa wote mpaka ndege iondoke na sisi. Akakaa. Nikashika mipini nikasukuma, na yule binti akatembea pembeni yetu kama mtu anayesindikiza harusi asiyoalikwa.

Nilikuwa naogopa, sitakuficha. Sakafu inang'aa mpaka unajiona visigino. Ngazi zinatembea zenyewe na watu wamesimama juu yake kama wamechoka kuzaliwa. Sauti inaita majina ya watu na hakuna anayeitika. Kwenye mkanda masanduku yalikuja meusi matupu, yamefanana, watu wananyang'anyana. La kwangu nililijua kwa uzi mwekundu niliofunga kwenye mpini. Wewe unajua, nguo za kila mteja mimi natia uzi wa rangi yake ndani ya kola zisichanganyike. Sanduku nalo nikalitia uzi wake. Yule mzee akalipakata magotini, tukaenda.

Tukatokea mlango wa pembeni, ule wa viti. Na wewe ulikuwa pale.

Ulivaa shati la bluu. Ulikitazama kiti, ukaona ni mzee wa watu, ukatazama nyuma yetu kutafuta kiti kingine. Nilikupita karibu kiasi kwamba ningeweza kukunyoosha kola. Hukuniona, baba. Ulikuwa unatafuta mtu aliyekaa.

Nikamfikisha mzee kwa binti yake kwenye teksi, nikachukua sanduku langu nikarudi. Nikasimama nyuma yako. Ulikuwa unamwambia askari mwenye simu ya upepo, "Mama yangu hajiwezi. Hajui kusoma. Huyo ameshapotea." Nikasikiliza mpaka ukamaliza. Ndipo nikakugusa bega, ukadhani ndiyo kwanza natoka, nami nikakuacha udhani hivyo.

Basi. Nikakaa kwako, nikamwogesha mume wangu, nikafurahi. Jirani wa mlango wa pili akaona ninavyonyoosha mashati yako, akaleta lake, akaja na wa juu, akaja na wa chini. Ukasema nakuaibisha, mama wa ofisa anapiga pasi nguo za jengo zima. Kila nilipokuuliza nitarudi lini ukasema tutaona. Nikaona kila siku, sikuona siku yenyewe.

Mkeo ndiye aliyeniambia, ananyonyesha, hata hakuinua uso. "Mama, tiketi ya kurudi haipo. Chumba chako cha mbele amekiahidi kwa mwenye duka la dawa. Nilimwambia akwambie mwenyewe, nimechoka kumsubiri." Usimgombeze. Alikuwa analia kuliko mimi. Tiketi nimeikata kwa jasho la mashati ya jengo lenu, na mkeo kazi yake ilikuwa kunionyesha ofisi ilipo tu. Wewe ulikuwa kazini. Ningekuaga ungesema tutaona.

Kwenye mlango mkubwa wa uwanja wa ndege askari akasema wanaingia wenye tiketi tu. Mkeo akabaki nje na mtoto. Akaniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia sina, lakini naingia.

Nikaingia, nikaona foleni, nikajipanga. Foleni ikatembea vizuri, nikajisifu. Nilipofika mbele kijana akaniuliza nataka fedha ya nchi gani. Nikamwambia sitaki fedha, nataka kwenda nyumbani. Kumbe ni dirisha la kubadilishia fedha. Walionifuata nyuma walicheka, nikacheka nao, nikauliza, nikaonyeshwa. Dada wa kaunta akauliza aniwekee kiti? Nikamwambia kiti nitakikuta ndani ya ndege.

Kwenye mlango unaolia nikapita, ukalia. Nikavua mkufu, ukalia. Nikaingiza mkono kifuani nikatoa ufunguo wa nyumba yangu, ule ulioniambia nimwachie Mama Pacha, ukanyamaza. Dada wa ukaguzi akauliza kwa nini nauficha huko. Nikamwambia huo ndio mzigo wangu wa maana, hivyo vingine ni nguo tu.

Halafu nikakaa kwenye geti nililoandikiwa, nimepakata kikapu changu cha mkononi. Kibao cha juu nilishazisalimia herufi zake, nikaujua mji wetu ulivyoandikwa. Mara nikainua macho, mji wetu haupo. Umeandikwa mji mwingine. Kipaza sauti kikaguna guna, watu wengine wakainuka, wengine wakabaki, na mimi miguu ikafa ganzi. Nilikukumbuka hapo, nisikudanganye. Nikasema mwanangu alisema.

Mbele yangu mtu mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu, kola ikageuka. Ndani ya kola nikaona uzi. Kijani na mweupe, umesukwa pamoja. Huo ni wangu, na rangi hiyo ni ya yule msoma mita za maji wa mtaani kwetu, sijampa mtu mwingine. Sikumwita kwanza. Nilimfuata mgongo, tukapita ukumbi, tukashuka ngazi zile zinazotembea, hizo nilizikanyaga nikiwa nimefumba macho, tukafika geti lingine kabisa, na juu yake mji wetu umeandikwa vizuri na herufi zote zipo. Ndipo nikamgusa. Akashtuka, "Dobi! Unafanya nini huku?"

Nikamwambia, "Narudi kazini."

Nimefika nyumbani nimeukuta mlango wa mbele wazi. Mwenye duka la dawa yuko ndani na futi, anapima ukuta, na Mama Pacha aliyemfungulia kwa ufunguo wa akiba amejiziba uso kwa mkono. Yule wa duka akaniamkia, akasema wewe umemwambia chumba kitakuwa kitupu. Nikamwitikia. Nikamwambia amalize kupima, na mimi anipime, maana nimo humo. Akakunja futi yake.

Ufunguo wa akiba nimeuchukua.

Mimi mama yako.


Mjini, 4 Mei

Mama,

Shikamoo. Mtoto hajambo, kikohozi kimekwisha. Mke wangu hajambo pia, anasema nikusalimie, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyonipa wiki hii.

Barua yako niliisomea kwenye gari, nje ya ofisi, nikachelewa kuingia. Nilikuwa nimejiandaa kukujibu kwa hasira. Umeondoka nyumbani kwangu kama mtu anayetoroka. Nilirudi jioni nikakuta kitanda kimetandikwa na mashati yangu yamepangwa, na wewe hupo. Unajua mtu anajisikiaje?

Sisemi kwamba nilikosea. Ulipoanguka uani ulilala pale chini mpaka Mama Pacha alipotoka kuanua nguo zake. Mimi nikaambiwa kesho yake na watu wengine, kwenye simu, nikiwa kwenye foleni ya benki. Tangu siku hiyo simu ikilia nikaona namba ya huko naogopa kuipokea. Kazi yangu mimi, mama, ni kusoma habari za watu walioanguka. Kutwa nzima. Najua wanavyoanguka na najua nani alikuwa hayupo. Ningekuambia ukweli usingepanda ile ndege, na wewe unajua.

Mwenye duka la dawa nimemwambia asubiri kidogo.

Jana mwenzangu kazini alinishika shingo akaniuliza huo uzi mwekundu ni wa nini. Nilipofika nyumbani nikafungua kabati, nikakuta umetia kwenye mashati yote. Nikachukua mkasi. Mke wangu akanishika mkono, akasema nikuulize kwanza.

Lakini si hilo ninalotaka kuuliza. Niliporudia barua yako nilikwama mahali pamoja tu. Ulinipita pale mlangoni, karibu kiasi cha kuninyoosha kola. Ungesema neno moja ningegeuka. Mama, kwa nini hukuniita?

Mwanao.


Nyumbani, 19 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Barua hii imechelewa kwa sababu shule zinafungua na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mtoto ana sare. Nimenyoosha mpaka kidole cha shahada kimekataa kukunjika. Mama Pacha tumepatana. Alikuja na maziwa akasimama mlangoni kama mgeni, nikamwambia ingia, mwenye kosa si wewe. Pacha wake mmoja aling'oka jino akampa mwenzake aliweke kinywani mwake. Mwambie mume wangu asijali, ya kwake yanakuja.

Unauliza kwa nini sikukuita. Nimelifikiria kwenye pasi. Ningekuita ungegeuka, ndiyo, lakini ungegeuka kumtazama yule uliyemwombea kiti. Ulikuwa umeshawaeleza watu wote mimi ni mtu wa namna gani, ndege nzima, uwanja mzima, hadi askari. Nikataka macho yako yenyewe yakubishie. Yalinipita. Iliniuma, na nilinyamaza kwa sababu nilipokugusa bega uligeuka ukalia mbele ya watu, ukadhani sijaona ulivyojifuta kwa mkono wa shati. Niliona. Ndiyo maana nilikaa kwako muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Hilo la kuanguka unalosema ni kweli, na mimi naliogopa kuliko wewe, maana ni mimi niliyeiona ile ardhi kwa karibu. Kwa hiyo kamba ya nguo nimeihamisha kutoka uani, iko mbele, barabarani kila mtu ananiona. Na Mama Pacha nimempa kazi. Kila asubuhi nikiamka nafungua dirisha la mbele naning'iniza kitambaa cheupe. Akiona hakuna kitambaa, anakuja. Ufunguo wa akiba nimemrudishia kwa kazi hiyo, na nimemwambia akimfungulia mtu mwenye futi tena nitamnyoosha yeye. Nikianguka nitaokotwa, lakini nitaokotwa nyumbani kwangu.

Mwenye duka la dawa mwambie asisubiri. Asisubiri kidogo wala sana. Kama una aibu ya kumwambia, niambie nimwambie mimi, anapita hapa kila siku kuleta makoti yake meupe ninyooshe. Mteja mzuri yule, nimempa uzi wa njano.

Uzi wako usiukate. Nyekundu ni ya nyumbani, sijawahi kumpa mteja na sitampa. Baba yako alivaa kola yenye uzi huo mpaka mwisho.

Sasa nisikilize. Likizo yako mwezi wa saba nimeshaipangia. Mje wote watatu. Mkwe wangu asibebe kitu, beba wewe. Uwanja wetu ni mdogo, mlango wa kutokea ni mmoja, huwezi kukosea. Usitafute kwenye viti. Nitakuwa nimesimama, nimevaa gauni la bluu, na huyo mume wangu nitampokea mimi kwanza kabla yako.

Chumba chako cha zamani nimekifagia. Tiketi yako ikate ya kuja na ya kurudi, na siku ya kurudi uniandikie kabisa kwenye barua. Mimi mtu wangu akija kunitembelea simfungii mlango.

Mimi mama yako,
dobi, nipo.